Kaka Deo, Jumuiya Imesali Kwetu

Kaka yangu Deo,

Nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu kwenye simu umenishinda. Meseji zangu unazisoma, naona tiki zinageuka bluu, halafu kimya. Ukijibu ni "niko salama" tu, kama mtu aliyegawiwa maneno machache ya mwaka mzima. Sasa nimeona bora niandike barua ya wazi, aisome anayetaka kuisoma, na huko Mafinga kwenye mbao zako hakosi mtu wa kukuonyesha. Akikuonyesha soma mpaka mwisho. Usiruke. Nakujua unavyorukaga.

Shikamoo kwanza. Nilitaka kuingia kwenye habari moja kwa moja, nikakumbuka ulivyokuwa unanirudisha mlangoni niingie upya kwa sababu nimesahau kusalimia.

Habari yenyewe ni hii: Jumamosi iliyopita jumuiya imesali kwetu. Ndiyo, kwetu Boko, sebuleni kwa Mama, na Mama mwenyewe akiwepo. Najua hapo umesimama. Nitakueleza ilivyokuwa, lakini siwezi kueleza bila kurudi nyuma, na unajua mie nikirudi nyuma narudi mpaka mwanzo kabisa.

Unakumbuka misa zako za uani? Mama akishaenda Kunduchi kununua samaki, wewe unachukua kanga yake unajifunga shingoni, ndoo inageuzwa inakuwa altare, mie napewa kijiko na kikombe cha bati nigonge kengele. Hostia tulikuwa tunakata kwenye chapati ya jana kwa kizibo cha soda. Duara safi kabisa. Tatizo mie nilikuwa nazila misa haijaanza. Ukifika kwenye kukomunisha unakuta sahani tupu, unanitazama kwa yale macho yako ya kipadri.

"Nesta, umekula?"

"Nimekula chapati."

"Ilishabarikiwa ile."

"Bado. Nilikuwa nasikiliza."

"Toka kanisani."

Natoka kanisani, yaani nakwenda nyuma ya tangi la maji, nalia. Halafu unanifuata na kipande kimoja ulichokuwa umekificha mfukoni. Kila misa ulikuwa unafichaga kimoja. Mpaka leo sijui ulikuwa unakificha kwa ajili yangu au yako, na sitaki kujua, maana mie nimeshaamua ni kwa ajili yangu.

Siku moja nikakuambia na mie nataka kuwa padri. Ukasema haiwezekani, utakuwa sista. Nikasema masista wanakaa kimya. Ukafikiri sana, ukaniambia, "Basi wewe utakuwa kwaya." Kwaya nzima, mie peke yangu.

Halafu ukaenda seminari kweli. Hapo ndipo jumuiya ilipoanza kumwita Mama "Mama Padri". Wewe unayajua haya, lakini acha nimwambie na huyo anayesoma begani kwako: jumuiya ni zile familia za mtaa ambazo kila Jumamosi asubuhi, kabla watu hawajaenda kwenye mishe zao, zinasali kwenye nyumba moja, kwa zamu. Ukizaliwa ni jumuiya, ukioa ni jumuiya, ukifa ni jumuiya ndiyo inayomwambia paroko kwamba huyu tunamjua. Sasa jumuiya ikikupa jina, umepewa. Mama akipita na beseni lake la samaki anasikia, "Mama Padri, za asubuhi?" Anajifanya hapendi. "Jamani bado anasoma, msiniletee mikosi." Lakini alikuwa anatembea tofauti, kaka. Hata beseni lilikuwa linakaa tofauti kichwani.

Na kile kitambaa. Kitambaa cha altare kwa ajili ya misa yako ya kwanza. Miaka yote ya seminari kubwa alikuwa anakifuma pale pale kwenye meza ya samaki, mteja akiondoka anachukua sindano, mteja akija anaiweka. Kikawa kinanuka samaki. Anakifua, anakianika, anaendelea, kinanuka tena. Ulipokuja likizo ukamkuta analalamika kwamba altare ya kwanza ya mwanawe itanuka, ukamwambia, "Mama, mitume wenyewe walinuka hivyo hivyo." Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nadhani ndiyo mara ya mwisho nilimwona akicheka vile, mpaka Jumamosi hii.

Sasa siku uliyorudi. Sitaki kuisema sana, lakini nisipoisema barua haiendi. Mama yuko kwenye jiko, mafuta yamechemka, samaki wamo ndani. Mie nimekaa kwenye stuli namsuka mtoto wa jirani. Wewe unaingia na tranka lako, saa ambayo hukutakiwa kuwa hapa, mwezi ambao si wa likizo. Ukasema taratibu, "Mama, nimeacha." Na Mama, mwiko mkononi, hakusema karibu. Alisema, "Kwa nini?" Ukashusha tranka chini. Akasema, "Umefanya nini?" Akasema lile la tatu, "Nani atawaambia jumuiya?"

Samaki wakaungua. Nakumbuka ile harufu kuliko maneno. Ulikaa kwetu siku mbili tatu hivi, humwangalii mtu, halafu Mafinga.

Kaka, mie sikukukasirikia wewe. Nilimkasirikia Mungu. Nasema wazi. Nilikuwa namwuliza, hivi wewe unamwita mtu, anaacha mpira, anaacha marafiki, mama yake anafuma kitambaa mpaka macho yanauma, halafu unamwacha njiani? Ndiyo tabia gani hiyo? Nilimwuliza kanisani, nilimwuliza nikiwa naoga, nilimwuliza nikiwa nasuka. Na kwa kuwa hakunijibu nikaona nikamtafute mwenyewe kwenye kitabu chake.

Unajua shule ilivyoniacha. Kusuka nimejifunza kwa kuangalia vidole vya watu, na Biblia nimejifunza hivyo hivyo. Uliacha vitabu kwenye tranka, vile vyako vya maelezo vyenye maandishi ya penseli pembeni, nikawa nasoma mpaka ya penseli. Ulikuwa unaandika "kwa nini?" sehemu nyingi. Ile ilinifariji kuliko maelezo yenyewe. Nikisuka naweka masomo ya misa ya siku kwenye simu, sikio moja, sikio jingine namsikiliza mteja. Na rozari nasali kwenye vichwa vya watu, sikutanii. Mstari wa nywele unaanza mbele unakwenda nyuma, Salamu Maria moja moja, nikifunga mwisho Atukuzwe Baba. Juzi dada mmoja akageuka ghafla.

"Wewe, mbona unanong'ona? Unaniroga?"

"Nakuombea."

"Uniombee nini, kwani nimekuambia naumwa?"

"Basi najiombea mwenyewe niimalize salama hii staili yako ya twende kilioni."

"Ombea isinivute."

Lakini kusali kwa kukaa, kaka, kule kunanishinda. Zile dakika za ukimya kwenye jumuiya nasikia damu inatembea. Nahesabu vigae. Naangalia soksi za watu. Bi Mwanaidi, yule jirani yetu wa ukuta wa nyuma, anajua shida yangu, akaniambia, "Sie tukisali tunainama, tunainuka, angalau mwili unapata kazi. Nyie mnakaa tu, ndiyo maana unaona soksi." Nikamwambia hata sie tunapiga magoti. Akasema, "Hayo magoti yako nimeyaona, hayatulii hata ukiwa unakula."

Mama yeye baada ya wewe kuondoka hakwenda jumuiya tena. Misa anakwenda, ile ya kwanza ya asubuhi, anakaa benchi la nyuma karibu na mlango, akishakomunika tu anatoka. Zamu ya nyumba yetu ikifika anatuma neno kwamba kuna mgonjwa, au kwamba kuna ukarabati. Ukarabati gani, nyumba yenyewe unaijua. Ikafika mahali Mzee Ngonyani, mwenyekiti, akaacha kututaja. Akisoma zamu anaruka kutoka kwa jirani yetu Mama Editha mpaka ng'ambo ya barabara, kama vile kati yao kuna shimo. Mie nilikuwa nakwenda peke yangu, na kila aliporuka nilikuwa nahesabu vigae upya.

Na jina halikufa. Hilo ndilo baya. Wengine walimwita "Mama Padri" kwa mazoea, ulimi umeshazoea, hawana ubaya. Wengine wanao. Mama Editha anasimama pale mezani, anabinya samaki kwa kidole, "Mama Padri, hawa ni wa leo kweli?" Mama anajibu, "Wa leo." Basi. Anafunga kwenye gazeti. Mie nikiwa karibu nataka kuruka ile meza.

Ndiyo tufike kwenye mdomo wangu. Majuma mawili yaliyopita tuko kwa Mama Editha, sala imekwisha, Mzee Ngonyani kashika kalamu anasema, "Jumamosi ijayo tutakuwa..." na akavuta pumzi ile ya kuruka. Mie kabla sijajua nikasema, "Kwetu."

Watu wakageuka. Mzee akanitazama juu ya miwani. "Kwenu wapi, binti?"

"Boko hapa hapa. Mnapajua."

"Mama anajua?"

"Anajua," nikasema. Na Mungu alinisikia, maana tulikuwa tumetoka kufanya ishara ya msalaba sasa hivi.

Nimemkuta Mama anapara samaki magamba. Nikaona niseme haraka kama kuchomoa mwiba.

"Mama, Jumamosi jumuiya inakuja."

Hakuinua kichwa. "Inakuja wapi?"

"Hapa."

"Kamwambie Mzee Ngonyani kuna mgonjwa."

"Nani anaumwa?"

"Wewe. Unaumwa mdomo."

Basi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya wiki nzima. Nikimsalimia anaitika, nikimpa chakula anapokea, lakini hasemi. Mie nisiyeweza kukaa kimya nikawekwa kwenye nyumba ya kimya. Nilifikiri sana kwenda kwa Mzee na kusema nimedanganya. Kila nikivaa viatu nakumbuka ile pumzi ya kuruka, navua. Unajua nilichokuwa naogopa? Si aibu. Nilikuwa naogopa kwamba wakikuta mlango umefungwa, ndiyo basi, utafungwa moja kwa moja, na wewe nawe huko uliko utakuwa huna pa kurudi. Mie kichwani mwangu mlango ule na wewe ni kitu kimoja. Mama akiweza kuwaangalia wale watu usoni, ataweza kukuangalia na wewe. Ndivyo nilivyopiga hesabu, na sikuwa na hesabu nyingine.

Ijumaa jioni nikaenda kwa Bi Mwanaidi kuazima viti vya plastiki. Akanipa na mkeka juu. Akasema, "Mama yako hajui kama navitoa?"

"Anajua, ila hataki kujua."

"Basi vibebe kimya kimya. Mie nitasema vimeibiwa."

Jumamosi nimeamka hata hakujapambazuka vizuri. Nikafagia, nikapanga viti, nikaweka stuli ya kusukia katikati kama meza, halafu nikaikuta ile stuli mbaya, imejaa mafuta ya nywele. Nikahitaji kitambaa. Kaka, usinikasirikie. Nikaenda kwenye tranka lako chini ya kitanda, nikakitoa kile cha altare. Kilikuwa chini kabisa, kimekunjwa ndani ya mfuko wa unga. Nikakitandika. Juu yake msalaba, mshumaa, Bikira Maria yule wa kwetu aliyevunjika kidole. Ndiyo nikaona kwamba kona tatu zimefumwa na kona ya nne uzi unaning'inia tu. Aliacha siku ile ile.

Mama akatoka chumbani. Akakiona. Nilisikia masikio yangu yanapiga kama spika za singeli. Nikasema moyoni, sasa anakivuta, msalaba unaanguka, na watu wako getini. Maana walikuwa getini kweli, nasikia kandambili zao na Mzee Ngonyani anasafisha koo.

Mama akasema, "Unaweka msalaba juu ya mikunjo?"

Hiyo tu. Akaondoa vitu kimoja kimoja, akanipa Bikira Maria nimshike, akachukua kitambaa. Umeme ulikuwa umekatika. Akatia makaa kwenye ile pasi ya zamani, akapulizia, na jumuiya nzima ikaingia na kukaa huku mama mwenye nyumba anapiga pasi amewapa mgongo. Mzee Ngonyani akaanzisha wimbo. Wakaimba ubeti wa kwanza, wa pili, wa tatu, Mama anapiga pasi. Wimbo ukaisha wakaurudia. Mie nimesimama na Bikira Maria mikononi kama mtu anayesubiri basi.

Alipokitandika tena Mama Editha akainama. "Mbona kona hii haijaisha?"

Mama akasema, "Haijaisha." Akakaa.

Nikapewa kusoma Injili ya Jumapili. Ni ile ya ufukweni, baada ya ufufuko. Wale mitume wamevua usiku kucha hawajapata kitu, Yesu yuko nchi kavu hawamjui, anawaambia watupe nyavu upande mwingine, wanajaza. Petro akisikia ni Bwana anajitupa majini. Nilikuwa nasoma mbio kwa woga mpaka Mzee akaniwekea mkono begani. "Binti, hata Petro hakuogelea kwa kasi hiyo." Watu wakacheka kidogo, na mie nikapumua, nikasoma mpaka pale wanaposhuka wanakuta Yesu amewasha moto wa makaa, kuna samaki juu yake na mkate, anawaita waje wale. Na baadaye, wakishakula, anamwuliza Petro kama anampenda.

Halafu ule ukimya. Halafu ile hatua unayoipenda wewe, ya kila mtu kutaja neno lililomgusa, mara tatu, polepole. Unakumbuka ulivyonifundisha? Ulisema, "Usichukue neno kubwa, Nesta. Makubwa yana wenyewe. Chukua dogo ambalo hakuna anayelitaka." Mzee Ngonyani akachukua "Ni Bwana," kama kawaida yake. Mama Editha akachukua "samaki wakubwa." Watu wakajizuia kucheka. Mie nilikuwa natafuta dogo langu, sijalipata, nikasikia sauti pembeni yangu.

"Moto wa makaa."

Nikafikiri nimesikia vibaya.

"Moto wa makaa," Mama akasema. Na mara ya tatu akasema chini kabisa, kama anaongea na jiko lenyewe.

Tulipofika pa kushirikishana kila mtu alikuwa anamsubiri yeye, na kila mtu anajifanya hamsubiri. Akaanza kwa kuangalia mikono yake.

"Mie nauza samaki, mnanijua. Jiko la makaa haliwaki lenyewe. Mpaka yashike vizuri unapuliza, moshi unakuingia machoni, samaki naye umtengeneze. Kwa hiyo huyu Yesu aliamka mapema. Wenzake bado wako majini huko, yeye kainama anapuliza. Na mmojawapo ni Petro, aliyemkana juzi tu hapo. Mie ningemsubiri palepale mchangani, mkono kiunoni. Asingekanyaga hata nchi kavu."

Watu wakacheka, na yeye akacheka, kaka. Kile kicheko cha mitume kunuka samaki. Kikaisha ghafla.

"Na ndivyo nilivyofanya. Mwanangu alikuja na sanduku kichwani. Mie nina samaki jikoni wameiva. Sikumpa hata mmoja. Nilimpa swali. Nikampa la pili. Nikamwuliza nyie mtaambiwa na nani." Akawatazama mmoja mmoja. "Basi leo nawaambia mwenyewe. Deo hatakuwa padri. Sijui kwa nini. Sikumwacha akala ndipo nijue."

Mie hapo nilikuwa nimeshaloa. Nilikuwa bado nimeshika kitabu, na nilikuwa nageuza ukurasa mbele na nyuma natafuta ni wapi Yesu anamwuliza Petro, "Kwa nini ulinikana?" Niligeuza sana. Hakuna. Nimerudia tena watu walipoondoka, nimesoma na maelezo yako ya penseli, hakuna. Anamlisha. Anamwuliza kama anampenda. Anampa kazi. Swali ambalo sie wote tungeanza nalo yeye hakulifikia kabisa. Na wewe pale pembeni uliandika "kwa nini?" na ukafuta. Nimeona alama ya kifutio.

Sala ikaisha. Watu wakawa wanatafuta viatu mlangoni, ile pilikapilika ya nani kavaa kandambili ya nani. Mama Editha akawa wa mwisho. Akamshika Mama mkono. "Asante kwa kutukaribisha, Mama Pa..." Akakwama. Nikamwona kabisa anatafuta pa kwenda, na safari hii hakuwa na ubaya, maskini, ulimi tu. Akasema, "Mama Deo."

Mama akamjibu, "Ndilo jina langu. Karibu tena."

Mzee Ngonyani kule nje akanivuta pembeni. "Ulisema mama anajua." Nikasema, "Alikuwa hajui kama anajua." Akanitikisia kichwa, akaenda zake, lakini aliitaja nyumba yetu kwenye zamu mpya. Haruki tena.

Sasa hivi ninavyokuandikia niko kibarazani, na nitakuambia ukweli, sijatulia. Nilifikiri jumuiya ikija nitatulia. Nimezidi. Kila gari la mizigo la kutoka bara likipunguza mwendo pale barabarani nainua kichwa. Imani wanasema ni amani, kwangu mie ni kama kusuka kichwa cha mtoto, hakitulii na wewe huruhusiwi kuondoa mikono. Labda na hiyo ni sala. Wewe uliyesoma utaniambia, au hutaniambia, utakuja tu ukae na mie tuangalie soksi za watu.

Jana nilimkuta Mama amekaa pale ulipokuwa unakaa, ana kile kitambaa magotini na sindano. Anafuma ile kona ya nne. Nikamwuliza, sasa hiki ni cha nini?

"Cha meza," akasema. "Kwani watu hawali mezani?"

Nikakaa karibu yake. Nilikuwa nimejazana maneno mpaka nikaona nitapasuka, lakini nikajitahidi, nikahesabu matundu ya uzi. Yeye ndiye aliyeanza.

"Wewe si ndiye unayeandikaga. Mwandikie."

"Nimwambie nini?"

Akavuta uzi. Akavuta tena. "Mwambie asije na maelezo. Aje na njaa."

Basi nimekuambia. Ujumbe umefika, mie si wa kulaumiwa tena. Maswali ninayo, usidanganyike, yamejaa mpaka hapa. Kwa nini uliacha, nani alikuumiza, au hakuna aliyekuumiza, unasali huko, unakula nini, una mtu. Nimemwahidi Mama nitayameza yote mpaka umalize kula. Wewe kula polepole basi, maana ukiweka sahani chini tu nitaanza.

Na jambo la mwisho, kwa kuwa hili Mama hajui kama nimeliona. Tangu Jumamosi ile kila jioni akimaliza kukaanga anatenga samaki mmoja pembeni, anamfunika na kisahani. Hasemi wa nani. Kukipambazuka hujaja tunampa paka wa Bi Mwanaidi, na yule paka ameshajua ratiba, siku hizi anafika hata mafuta hayajachemka, anakaa kwenye kiti chako na kumwangalia Mama kama mtoto wa nyumba. Wahi, kaka, kabla hajapewa na jina lako.

Nakusubiri barazani, magoti hayatulii,

mdogo wako,
yule aliyekula hostia kabla ya misa